Gari Lililopona Lenyewe: Kosa, Pengo na Haki ya Hadhira katika Uhakiki wa Filamu Pendwa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala kuhusu makosa na mapengo ya msuko katika filamu pendwa, mjadala ambao uhakiki wa Kiswahili umeuacha kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watazamaji wa vibandani kana kwamba ni porojo za kupitishia muda. Mifano imetolewa katika filamu za Marekani zilizotazamwa sana Afrika Mashariki na katika filamu ya Uganda ya Who Killed Captain Alex? Hoja inayojengwa ni kwamba kosa halikai ndani ya picha peke yake, bali hukaa kati ya sheria ambayo filamu imejiwekea na hadhira inayoifahamu sheria hiyo. Kwa sababu hiyo, kuuliza ni nani mwenye haki ya kuliona kosa kuna uzito uleule wa kuuliza kosa lenyewe ni lipi.

Utangulizi

Katika filamu ya Commando (1985), John Matrix, anayeigizwa na Arnold Schwarzenegger, anamfukuza adui wake Sully, ambaye anakimbia kwa gari aina ya Porsche la rangi ya njano. Gari hilo linaanguka kwa ubavu na kuburuzika. Matrix anamtoa Sully, anamning'iniza genge kwa mguu mmoja, anamwachia, kisha anarudi barabarani, analisukuma gari lisimame kwa magurudumu yake na kuondoka nalo. Ubavu uliokuwa umebonyea sasa unang'aa kama umetoka dukani.

Kuna watazamaji watatu wa tukio hili, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video amekutana nao. Wa kwanza hucheka na kusema kazi imelipuliwa. Wa pili humtetea stelingi: gari lake haliharibiki kama yeye mwenyewe asivyokufa. Wa tatu hutafuta maelezo, kwamba huenda ubavu ulioumia ni ule mwingine, au gari ni imara kuliko linavyoonekana. Mtu anaweza kuwapuuza wote watatu, lakini kila mmoja ana nadharia ya sanaa kichwani. Wa kwanza anaamini kwamba filamu ni kazi ya mikono inayopaswa kukaguliwa kama kiti cha seremala. Wa pili anaamini kwamba utanzu una sheria zake. Wa tatu anaamini kwamba ulimwengu wa kisa ni mzima hata pale kamera isipofika, na kwamba ni wajibu wa mtazamaji kuujaza.

Kosa la mkono na kosa la kichwa

Suala hili ni kongwe kuliko kamera. Aristotle, katika sura ya 25 ya risala yake kuhusu ushairi, alitenganisha makosa ya aina mbili: kosa linaloigusa sanaa yenyewe na kosa linalotokana na elimu nyingine ambayo msanii hakuijua. Mfano wake ni wa mchoraji anayempa pembe ayala jike. Mchoraji huyo hakujua habari za wanyama, lakini kosa lake ni dogo kuliko la yule aliyechora mnyama asiyetambulikana kabisa. Mgawanyo huu unafaa mpaka leo, na mijadala mingi ya filamu huharibika kwa sababu unasahauliwa.

Katika Gladiator (2000), gari la farasi linapopinduka uwanjani huonekana mtungi wa gesi ambao Roma ya kale haikuwa nao. Katika Back to the Future (1985), Marty McFly anapiga gitaa la Gibson ES-345 kwenye dansi ya mwaka 1955, ilhali gitaa la aina hiyo lilianza kutengenezwa 1958. Yote mawili ni pembe za ayala. Ukiondoa mtungi na kubadilisha gitaa, kisa hakitikisiki hata kidogo. Hali ni hiyohiyo kwa nyota za Titanic (1997). Mwanafalaki Neil deGrasse Tyson alimweleza mwongozaji James Cameron kwamba anga lililoonekana juu ya Rose halikuwa anga la usiku ule wa Aprili 1912. Filamu iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, anga lilirekebishwa. Hakuna mtazamaji aliyetoka na filamu nyingine kwa sababu ya nyota hizo.

Wakati mwingine kosa la mkono huzaa maana ambayo hakuna aliyeikusudia. Katika North by Northwest (1959) ya Alfred Hitchcock, mtoto mmoja aliyeketi mgahawani chini ya Mlima Rushmore anaziba masikio kabla Eve hajafyatua bastola. Bila shaka mtoto alikuwa amechoshwa na mlio katika majaribio ya awali. Lakini baadaye mtazamaji anafahamu kwamba risasi zenyewe zilikuwa za bandia na kwamba mauaji yale yalipangwa. Mtoto yule, kwa uzembe wake, ameitoa siri ya kisa kabla ya kisa kuitoa.

Pengo la msuko ni jambo jingine. Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kutulia.

Neno lililosikika na asiyeonekana

Pengo linalojadiliwa kuliko yote katika historia ya sinema limo katika Citizen Kane (1941) ya Orson Welles. Charles Foster Kane anafariki akitamka neno moja, "Rosebud", na filamu nzima ni safari ya mwandishi wa habari anayelitafutia neno hilo maana. Chumbani haonekani mtu. Midomo inatamka, tufe la kioo linaanguka na kuvunjika, ndipo muuguzi anapofungua mlango na kuingia. Nani basi alilisikia? Kama hakuna aliyelisikia, hakuna aliyelipeleka gazetini, na kama halikufika gazetini, hakuna filamu.

Pengo hili lingekuwa la kichwa kweli kama si jambo moja ambalo wengi hulisahau. Karibu na mwisho, Raymond, mtumishi mkuu wa jumba la Xanadu, anamwambia mwandishi kwamba alimsikia Kane akilitamka neno hilo, na kwamba baada ya hapo tufe lilianguka. Kwa hiyo filamu imejibu. Yanayobaki ni mashaka ya aina mbili. Kwanza, Raymond ni mtu anayetaka kulipwa dola elfu moja kwa habari zake, na mtu wa namna hiyo anaweza kusema lolote. Pili, kamera haikumwonesha. Lakini nani amesema kwamba kamera huonesha kila aliyemo chumbani? Mtazamaji anayedai kuwapo kwa pengo ameweka sharti lake mwenyewe, kwamba kisichoonekana hakipo, halafu ameihukumu filamu kwa sharti hilo.

Pengo la The Big Sleep (1946) halina Raymond wa kulitetea. Dereva Owen Taylor anakutwa amekufa ndani ya gari lililozama, na filamu haielezi ni nani aliyemuua au kama alijiua. Raymond Chandler, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, alieleza katika barua kwamba mwongozaji Howard Hawks na mwigizaji Humphrey Bogart walibishana juu ya suala hilo wakampelekea simu ya maandishi kumuuliza, naye hakuwa na jibu. Hata hivyo filamu hiyo inasimama, na inasimama vizuri, kwa sababu haikumwahidi mtazamaji kwamba kila maiti itapata mwenyewe. Ahadi yake ilikuwa mazungumzo makali, moshi, mvua na watu wawili wasioaminiana. Hitchcock alilielewa hili; katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyochapishwa mwaka 1966 hakuficha dharau yake kwa watazamaji wanaodai kila kitu kiwe na uwezekano. Ndiyo maana katika Vertigo (1958) anamwacha Scottie akining'inia kwenye mfereji wa bati, ghorofa nyingi juu ya ardhi, na tukio linalofuata linamkuta ameketi salama nyumbani kwa rafiki yake. Jinsi alivyoshuka haielezwi hadi leo.

Msikilizaji wa ngano za Kiswahili halioni jambo hili kuwa geni. Fanani anaposema "Paukwa" na hadhira ikaitika "Pakawa", mkataba umefungwa. Hakuna mtoto atakayeuliza sungura amejifunza wapi kusema. Lakini mtoto huyohuyo atapinga vikali iwapo sungura aliyemhadaa fisi kisimani jana atahadaiwa leo na fisi kwa hila ileile bila sababu yoyote. Kobe anaweza kumshinda sungura, kwa kuwa ngano imemwandaa kobe kwa ajili ya ushindi huo. Kinachokubalika si kile kinachowezekana duniani bali kile ambacho ngano imekifanya kiwezekane.

Mlango wa Jack

Kwa kipimo hicho, mjadala mkubwa kuliko yote wa Titanic unageuka sura. Inadaiwa kwamba kipande cha mbao kilichombeba Rose kilikuwa na nafasi ya watu wawili, na kwamba Jack alikufa kwa uzembe wa mwandishi. Wanaodai hivyo husahau kwamba filamu inamwonesha Jack akijaribu kupanda na mbao ikipinduka; shida ilikuwa uzito, wala si nafasi. Mwaka 2023 Cameron alionesha katika kipindi cha National Geographic jaribio alilolifanya kwa watu wawili, maji baridi na nakala ya mbao ile. Katika baadhi ya mbinu zilizojaribiwa, Jack angeweza kudumu muda mrefu zaidi, pengine hata kuokolewa. Mkongwe wa filamu kujitetea kwa beseni la maji na vipimajoto baada ya miaka 25 ni jambo la kuchekesha kidogo, na la kusikitisha pia, kwa sababu kwa kukubali kupima alikuwa amekwisha kukubali kwamba swali ni la fizikia.

Swali si la fizikia. Hadhira iliyolelewa katika kanuni kwamba stelingi hafi ilikuwa na haki ya kushtuka Jack alipozama. Kwa hadhira hiyo kilichovunjwa si sheria ya kuelea bali sheria ya utanzu, na mbao ikawa mahali pa kuwekea malalamiko yasiyopata jina. Vivyo hivyo, risasi mia moja zinazomkosa Matrix katika Commando hazilalamikiwi na mtu, ingawa zinakiuka uwezekano kuliko mbao yoyote.

Hatari ya kulijibu pengo kwa kiraka inaonekana pia katika Star Wars (1977), ambamo kituo kikubwa cha vita kinalipuliwa kupitia tundu dogo la kutolea joto. Kwa miaka mingi tundu hilo lilichekwa. Mwaka 2016 filamu ya Rogue One ikaeleza kwamba mhandisi Galen Erso aliuweka udhaifu huo kwa makusudi ili kuihujumu dola. Maelezo ni mazuri, na Rogue One ni filamu nzuri. Lakini kiburi cha dola kilichoonekana katika tundu lile, dola isiyoamini kwamba chombo kidogo kinaweza kuidhuru, kimepungua uzito, kwa kuwa sasa ni hila ya mtu mmoja.

Nani alimuua Kapteni Alex?

Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex? Ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, kwa bunduki za kuchonga na milipuko iliyoongezwa kwa kompyuta. Kapteni Alex anaongoza makomando dhidi ya kundi la wahalifu la Tiger Mafia, anauawa usiku, na ndugu yake Bruce U, bingwa wa kungfu, anafika kumtafuta muuaji. Mapigano yanafuata, helikopta inaishambulia Kampala, watu wanakufa kwa makumi. Muuaji wa Alex hajulikani. Swali lililo katika jina la filamu halijibiwi.

Kwa kipimo cha pengo la kichwa, hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Chandler alisahau maiti moja ya pembeni. Nabwana aliiacha maiti iliyo kwenye jalada. Lakini filamu hii haitazamwi bila sauti nyingine. Nakala iliyosalia, na inayojulikana duniani, ina sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayezungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Inaelezwa kwamba nakala ya awali isiyo na sauti hiyo ilipotea kwa kuwa kompyuta ilihitaji nafasi kwa ajili ya kazi iliyofuata. VJ Emmie anashangilia, anatania, anaitangaza filamu ndani ya filamu, anawahurumia wanaokufa na kuwacheka. Pengo halizibwi, bali linageuzwa kuwa mchezo ambao mtazamaji amealikwa. Aliyetaka jibu atalikosa, na aliyetaka kuwa miongoni mwa watu wanaouliza amepata alichofuata.

Kazi hiyo ya sauti si ya Uganda peke yake. Tanzania ilimjua Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni kwa watazamaji waliokuwa hawafuati Kiingereza, Kihindi wala Kichina. Kenya inamjua DJ Afro. Kuwaita watu hawa wafasiri ni kuwapunguzia kazi. Msimulizi hufupisha mazungumzo, huongeza sababu ambayo mwongozaji hakuitoa, humkumbusha mtazamaji aliyechelewa kuingia, na pale gari lililobonyea linapotoka zima, yeye ndiye mwenye nafasi ya kulitaja kabla benchi halijaanza kucheka. Kwa istilahi za Wolfgang Iser, aliyefafanua jinsi msomaji anavyojaza nafasi tupu za matini, msimulizi ni msomaji aliyepewa kipaza sauti. Yeye ni fanani aliyekuta hadithi imekwisha kusimuliwa na mtu mwingine, akaamua kwamba haikusimuliwa ikaisha.

Hili linatoa jibu kwa dhana kwamba watazamaji wa vibandani hawana uhakiki. Uhakiki wao haukuandikwa. Ulisemwa, tena palepale, filamu ikiendelea.

Makosa yasiyohesabiwa

Orodha za makosa ya filamu zinazotolewa Ulaya na Marekani hupenda saa ya mkononi, kivuli cha kamera na glasi inayojaa yenyewe. Yapo makosa ambayo orodha hizo haziyaoni kwa urahisi, kwa sababu waandishi wake hawana sikio la kuyasikia.

The Lion King (1994) inachukua majina yake mengi katika Kiswahili. Simba anaitwa Simba, yaani mnyama amepewa jina la aina yake, kama vile mzazi angemwita mwanawe Mtu. Pumbaa ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa ngiri. Fisi mmoja anaitwa Shenzi, neno la dharau lenye historia chungu katika mwambao na bara, na mwenzake anaitwa Banzai, neno la Kijapani lililoingia bila kubisha hodi. Rafiki anaitwa nyani, lakini uso wake ni wa mandrili, anayeishi katika misitu ya magharibi mwa Afrika ya Kati, wala si kwenye mbuga. Hata siafu wanaopita mwanzoni wakiwa wamebeba vipande vya majani ni wa jamii inayopatikana katika mabara ya Amerika. Mandrili na wadudu hao ni pembe za ayala, na zinasameheka. Majina hayasameheki kwa urahisi huo, si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa yanaonesha kwamba mzungumzaji wa lugha hiyo hakufikiriwa kuwa miongoni mwa hadhira. Lugha imetumika kama rangi ya ukuta. Baadaye kampuni ya Disney ilijisajilia nchini Marekani maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara, na usajili huo ukakamilika mwaka 2003.

Black Panther (2018) ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu ilitengenezwa kwa heshima. Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, imejificha na haijawahi kutawaliwa, lakini watu wake wanazungumza isiXhosa, lugha ya Afrika Kusini. Sababu inajulikana: John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyemwigiza mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War (2016), aliingiza lugha yake, na filamu iliyofuata ikaifuata. Lupita Nyong'o, Mkenya, ikambidi ajifunze isiXhosa ili aigize mtu wa karibu na kwao. Utetezi upo. Wakanda ni nchi ya kubuni, na Kani kuidai lugha yake isikike Hollywood ni tendo la kujivunia. Utetezi huo unakubalika nusu. Kwa sheria ya ndani ya filamu, nchi iliyojifungia kwa karne nyingi imepataje lugha ya mbali hivyo bila kuhama wala kuhamiwa? Filamu haina Raymond wa kulijibu hilo, na haikuona haja ya kuwa naye. Mtazamaji wa Ohio hakusikia tofauti. Wa Arusha, Nairobi na Bujumbura alisikia. Kama pengo ni mahali ambapo kisa kinavunja neno lake mbele ya hadhira yake, basi hili ni pengo kwa hadhira moja na si pengo kwa nyingine, na uhakiki wa Kiswahili hauna sababu ya kuazima masikio ya Ohio.

Mizani ya nyumbani

Masikio hayohayo yanapogeukia filamu za Kiswahili, haki hupungua. Kipaza sauti kikichungulia juu ya picha katika filamu ya Dar es Salaam, ukumbi mzima hucheka. Gari la Matrix hupata wakili. Filamu nyingi za Bongo zilirekodiwa kwa siku chache na kuuzwa katika sehemu mbili, hivyo kisa cha saa moja kikanyooshwa mpaka kufikia santuri mbili. Matembezi marefu kutoka mlangoni hadi kwenye gari, ambayo wahakiki wameyakejeli, yana chanzo katika biashara hiyo. Sauti inayopanda na kushuka ni ya mashine. Hizo ni pembe za ayala, na zihesabiwe hivyo kwa filamu za Dar es Salaam kama zinavyohesabiwa kwa Roma yenye mtungi wa gesi.

Lakini msichana wa kijijini anayetoka shambani akiwa na kucha zilizopakwa rangi na nyusi za kuchonga si suala la fedha. Jembe lilipatikana, na shamba likapatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kwamba msichana huyo ana mikono. Vivyo hivyo mke anayesamehe katika dakika tano za mwisho kosa ambalo filamu imelijenga kwa saa mbili: hapo ahadi ya kisa imevunjwa, na hakuna kiasi cha fedha ambacho kingeizuia ivunjwe. Mwanafunzi anayepewa alama kwa kuorodhesha vipaza sauti vilivyoonekana, huku akiuruka msamaha huo, amefundishwa kuhesabu.

Kipimo mbadala kipo, na kimehifadhiwa vibaya. Kanda za VHS zenye sauti za wasimulizi wa Kiswahili ni kumbukumbu ya jinsi hadhira ya Afrika Mashariki ilivyozisoma filamu za dunia, ilivyozipinga, na mahali ilipoona pengo likahitaji kujazwa. Kanda hizo zinaota kuvu kwenye maboksi ya wenye vibanda vya zamani, na mashine za kuzichezesha zinazidi kuwa adimu. Idara za Kiswahili zinazokusanya ngano na tenzi zina sababu zilezile za kuzifuata kanda hizi, pamoja na sababu moja ya ziada: kinyume na ngano, hakuna bibi anayeweza kuombwa azirudie.